Paka Aliyegongwa: Usikimbilie Sindano ya Usingizi

"Shikamoo dokta. Paka aliyevunjika paja nimlaze kwa sindano za ketamini na zailazini, au nitafute mashine ya gesi ya usingizi, isoflureni?" Ujumbe huo umetoka kwa daktari kijana wa mifugo aliyeko Tanga. Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya kuchagua dawa, niambie paka mwenyewe yukoje.

Mbwa akiwa katika mshtuko, yaani damu haivifikii viungo vya kutosha, moyo humwenda mbio. Paka mara nyingi ni kinyume: mapigo hupungua, mwili hupoa na presha hushuka, vyote kwa pamoja. Ukihesabu mapigo 110 kwa dakika usidhani ametulia. Ufizi ukiwa mweupe na joto likiwa chini ya nyuzi 37, huyo si wa kupelekwa kwenye kisu. Mpe oksijeni, dripu kidogo kidogo, dawa ya maumivu, na umpashe joto. Sikiliza mapafu, maana kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo, kinaweza kuwa kimepasuka. Papasa kibofu. Mfupa utasubiri.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Ilala aliniletea paka aliyegongwa na bodaboda. Alilia akitaka nipasue usiku uleule, na nikakataa. Nilimpasua keshokutwa yake, presha ikiwa imetengemaa, na leo anapanda ukuta wa jirani. Najivunia paka yule. Zamani mkubwa wangu wa kazi aliniambia mbele ya wanafunzi kwamba paka wa mtaani hastahili dripu. Maneno yale yananiuma hadi leo, na ndiyo maana nawaandikia.

Sasa dawa zenyewe. Zailazini iko kila duka la mifugo kwa sababu ya ng'ombe, na bei yake ni nafuu. Paka mwenye afya anayefungwa kizazi huivumilia. Aliyepoteza damu hapana: hupunguza sana damu inayosukumwa na moyo, na humtapisha. Mwenzake ketamini huusaidia moyo, kwa hiyo mimi huichanganya na midazolamu, dawa ya kutuliza na kulegeza misuli. Ukiwa na ndugu yake diazepamu, ipite kwenye mshipa, si kwenye msuli. Lakini kumbuka kwamba kwa paka ketamini hutegemea sana figo ili itoke mwilini. Kibofu kikiwa kimepasuka au mkojo umeziba, usingizi utarefuka kuliko ulivyopanga.

Propofoli, dawa nyingine ya usingizi ya kupiga mshipani, hulaza vizuri, ila ukiisukuma haraka pumzi husimama na presha huanguka. Isoflureni ina sifa moja kubwa: ukipunguza, paka anaanza kuamka, kwa kuwa hutoka kwa pumzi. Ubaya wake ni kulegeza mishipa ya damu, na kadiri unavyoiongeza ndivyo presha inavyoshuka. Kwa hiyo usimwachie gesi kazi yote. Mimi humlaza kwa ketamini na midazolamu kidogo, namnyunyizia dawa ya ganzi, lignokeini, kooni ili koromeo lisijibane, naingiza mpira wa kupitishia hewa, kisha napiga ganzi ya uti wa mgongo kwa ajili ya mguu wa nyuma. Hapo gesi ndogo inatosha. Pima dozi ya lignokeini kwa uangalifu, paka hawaivumilii kama mbwa. Na kama oksijeni yako inatoka kwenye mashine ya umeme, weka mtungi pembeni kabla umeme haujakatika.

Jamani, tuache kuuliza dawa ipi ni bora huku hatujamgusa mgonjwa! Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2008 ulikuta vifo vya nusukaputi ni asilimia 0.11 kwa paka wenye afya na 1.4 kwa wagonjwa. Vingi vilitokea baada ya upasuaji, hasa katika saa tatu za mwanzo. Ndiyo maana sianzi upasuaji wa aina hii saa kumi jioni. Naanza asubuhi, ili akitoka mezani awepo mtu wa kukaa naye, kumpima joto na kumhesabia pumzi mpaka ainue kichwa mwenyewe.