Panga linatosha kukata sapini ya Noeli, ila si kila sapini

Mdogo wangu, umeuliza kama panga peke yake litakutosha kukata sapini ya porini, yaani mti wa Noeli, huko Kabare, au utafute msumeno kwanza. Linatosha, mradi shina lisizidi unene wa kifundo cha mkono. Likizidi hapo utatoka jasho bure na shina litachanika vibaya.

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, sapini yetu karibu kila mara ni sipresi, mti wenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, uliopandwa milimani kwetu kwa ajili ya mbao na nyua. Ile unayoiita ya porini imejiotea kwa mbegu zilizodondoka pembeni ya shamba la mtu, kwa hiyo mwenyewe yupo. Mtafute, msalimie, toa kitu kidogo. Mara nyingi atakuonyesha zilizobanana ambazo angezipunguza hata bila wewe. Msitu wa Kahuzi-Biega uache kabisa. Ni hifadhi ya taifa tangu 1970, na ukishikwa na panga humo hutasikilizwa ukisema ulifuata mti wa Noeli.

Zile zilizobanana huwa na kasoro: chini ziko uchi, majani yote yamekimbilia juu kutafuta jua. Basi chukua kilele tu, mita moja na nusu inatosha sebule zetu. Kuna faida nyingine. Sipresi ikikatwa chini kabisa kisiki hakichipui kama cha mkaratusi, lakini ukiacha matawi mabichi chini ya mkato, mojawapo linaweza kujiinua polepole likawa kilele kipya. Ila usipande mti ukiwa na panga mkononi. Tafuta ambao unaufikia ukiwa umesimama chini.

Sasa kukata kwenyewe. Watu wengi hupiga panga likiwa limelala, kama wanakata mgomba, nalo linadunda. Mti una nyuzi, uzipige kimshazari, toka juu kwenda chini, kwa pembe ya digrii 45 hivi. Mwenzako afunge kamba juu ya shina na kuivuta taratibu kuelekea upande wa pili, huku amesimama mbali na panga. Shina likipinda, nyuzi za upande wako zinakazika na kila pigo linazama. Asivute kwa nguvu, maana shina linaweza kupasuka kwa urefu na kurukia usoni. Piga mara mbili tatu kutoka juu, kisha punguza kibanzi kwa pigo la kutoka chini, ili mkato ufunguke. Mkono usioshika panga ukae nyuma. Ukilazimika kukata chini kabisa, piga goti: pigo likikosea litaishia kwenye udongo, siyo kwenye mguu.

Panga jipya la sokoni mara nyingi halina makali ya maana. Litie tupa nyumbani kabla ya kupanda mlima, na utikise mpini uone kama misumari yake imeshika. Butu ndilo linaloteleza na kukata watu.

Njiani, lifunge panga ndani ya gunia. Hali ya usalama ya huku unaijua, na panga wazi mkononi pale kwenye kizuizi litakuletea maswali usiyoyahitaji. Sapini ifunge kamba kuanzia kwenye shina kwenda kileleni, matawi yakilazwa kuelekea juu, na kwenye pikipiki shina litangulie mbele ili upepo usiyavunje.

Msumeno utauhitaji nyumbani. Mkato wa panga ni wa mshazari na una vibanzi, hausimami vizuri kwenye ndoo, na utomvu ukikauka pale maji hayapandi tena. Kata kipande cha sentimita mbili, mkato wa kunyooka, kisha tia mti majini palepale, uukaze kwa mawe. Siku za kwanza mti unaweza kunywa karibu lita moja kwa siku kwa kila sentimita mbili na nusu za unene wa shina, kwa hiyo weka bidoni (dumu) ya akiba kwa siku maji yanapokatika mtaani. Mishumaa usiiweke juu yake hata umeme ukienda, sipresi iliyokauka inashika moto haraka sana.

Utomvu ulioganda kwenye panga na mikononi, paka mawese kidogo, subiri, halafu futa kwa kitambaa.