Simu ya tatu, tatizo lilelile: angalia kilichohama nayo

Salaam mkuu. Umebadilishiwa simu mara mbili kwa waranti, na hii ya tatu nayo inapata moto, chaji haifiki jioni na mtandao unakatika. Simu tatu mfululizo kuharibika vilevile ni nadra. Tafuta kilichohama kutoka ya kwanza hadi ya tatu: laini, chaja, memori kadi na bakapu ya Google (nakala ya programu na mipangilio yako).

Anza na laini, ndiyo rahisi. Iweke kwenye simu nyingine siku nzima. Mtandao ukikatika na huko, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao wako wakupe kadi mpya; namba inabaki ileile. Ila kama nyumbani mawimbi ni hafifu, simu hutumia nguvu nyingi kushika mnara, hupata joto na kula chaji hata ikiwa mpya kabisa. Jaribu laini ya mtandao mwingine palepale.

Laini ikiwa safi, hifadhi picha na meseji, kisha futa simu irudi kama ilivyotoka kiwandani. Usirudishe bakapu! Hapo ndipo wengi wanakwama: wanafuta, halafu wanarudisha uchafu uleule. Chomoa memori kadi, azima chaja, kaa siku mbili na programu zilizokuja nayo tu. Ikitulia, ongeza programu mbili tatu kwa siku ukitazama matumizi ya betri kwenye mipangilio.

Ikisumbua hata ikiwa tupu, piga *#06# ulinganishe IMEI (namba ya utambulisho ya simu yenyewe) na ile iliyo kwenye boksi la simu ya kwanza. Zikifanana, huenda hukubadilishiwa kitu, umerudishiwa ileile.