Paka wa marehemu baba analia mlangoni kila alfajiri

*Shangazi, baba yetu alifariki miezi miwili iliyopita. Ameacha paka jike wa miaka 14, Sukari. Baba akirudi swala ya alfajiri alikuwa humpa kichwa cha samaki. Sasa saa ile ile Sukari hukaa mlangoni akalia. Anakojoa kwenye kitanda cha baba, na juzi kwenye mswala wa mama. Amejilamba tumbo mpaka manyoya yametoka. Kaka asema anaona mzuka, ataka kumtia kwenye kiroba akamwache soko la samaki. Mimi nami nilimpiga ndala, sasa akiniona anakimbia. Nifanyeje? – Binti wa Kuze, Mombasa*

Binti yangu, poleni sana. Mungu amrehemu mzee, na mama huko edani mfikishie pole zangu.

Nianze na kiroba. Paka wa miaka 14 ni ajuza, kama bibi wa miaka 70 na ushei. Sokoni kuna mashume wenye himaya zao, hawatamwachia hata utumbo wa changu. Kumtupa kule ni kumuua, ila kaka hatakuwepo kuona. Akibisha, mkumbushe yule mwanamke wa kwenye hadithi ya Mtume, aliyeingia motoni kwa paka aliyemfungia bila chakula. Alisomeshwa chuo cha Kurani, anaijua.

Na hakuna mzuka. Sukari anangoja. Siwezi kuapa kwamba paka anajua kifo ni nini, lakini saa anaijua, mlango anaujua, na harufu anaijua kutushinda sote. Hebu fikiria matanga yalivyokuwa: wageni wamejaa, mikeka imetandikwa hadi uani, udi na ubani kutwa, kisha nguo za mzee zikatolewa sadaka. Kwa mnyama anayeitambua nyumba kwa pua, nyumba yake ilifutwa ndani ya wiki moja. Pamebaki kitanda. Paka mwenye wahka mara nyingi hukojoa pale penye harufu ya mtu wake. Si ujeuri ule.

Ila usiseme ni majonzi kabla hajaonwa na daktari wa mifugo. Kwa paka mzee huzuni na ugonjwa hufanana mno. Kilio cha usiku chaweza kuwa shinikizo la damu, uziwi, au akili inayozeeka. Akinywa maji kupita kawaida, huenda ni figo. Akila sana huku akikonda, yapimwe maradhi ya tezi ya shingo. Na kukojoa ovyo huweza kuwa maumivu ya kibofu, au viungo vinamuuma hata kufika mchangani ni taabu. Hukuniambia kama anakula. Ikiwa siku mbili hajatia kitu kinywani, usingoje Jumatatu, kwani paka akikaa na njaa ini huharibika upesi. Akichuchumaa na mkojo hautoki, ni siku hiyo hiyo. Na tafadhali, asipewe Panadol. Hata kipande chaweza kumuua.

Nyumbani, mrudishieni saa yake. Mama huamka alfajiri, basi yeye ndiye ampe kichwa cha samaki, kimechemshwa bila chumvi wala kitunguu, miiba imetolewa, pale pale mlangoni. Mchanga wake uwekeni kwenye beseni la ukingo mfupi, karibu na anapolala. Udi fukizeni chumba kingine kwa sasa. Mswala uoshwe vizuri, mkojo wa paka ni najisi hata kama mate yake si najisi, halafu usuuzwe kwa maji yenye siki kidogo. Msitumie dawa zenye amonia: kwake hunuka kama mkojo, atarudia.

Ile ndala imeshapita. Usimfukuzie umbembeleze, ndiyo utamtisha zaidi. Keti chini chumba alichomo, fanya kazi zako, usimkodolee macho. Achague yeye siku ya kukusogelea. Huenda ikachukua wiki kadhaa, na mie nakwambia zile wiki zitakuchosha.

Kama kuna kikoi cha mzee ambacho hakijatolewa, kitandike kwenye kikapu, mbali na kile kitanda, Sukari alale juu yake. Usikifue.

Shangazi