MASWALI YA WASOMAJI: Langalanga iende kwenye nchi yenye vurugu?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni mpenzi wa Formula 1 miaka mingi, niko Mwanza. Nilifurahi sana kusikia Kigali wanaitaka langalanga maana tokea zile za uwanja wa Kyalami, Afrika Kusini, 1993 Afrika hatujapata mbio hata moja. Sasa hapa mtaani kuna kaka yetu katoka Goma, nikimgusia hiyo ishu anakasirika kweli, anasema kupeleka magari kule Kigali ni kuwatukana watu wake. Mimi naona michezo na siasa visichanganywe, wanaoendesha magari si wanaopiga risasi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu yangu wa Mwanza, huyo kaka msikilize. Nitakwambia kwa nini, ila nianzie Bahrain kwa sababu haya yote yalishatokea kule na matokeo tuliyaona.

Februari 2011 watu walijaa kwenye kipilefti cha Lulu pale Manama wakidai mabadiliko, wakapigwa, wengine wakafa, na tarehe 21 mwezi huohuo mwanamfalme mrithi akatangaza mbio za Machi hazipo, nchi kwanza ishughulikie mambo yake. Hapo alifanya vizuri. Lakini Juni FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, wakarudisha mbio kwenye kalenda, eti zifanyike Oktoba, timu zikagoma, dereva Mark Webber akasema wazi kwamba haifai, wakaziondoa tena. Mwishoni mwa mwaka tume aliyoiunda mfalme mwenyewe ikatoa ripoti: watu 35 wamekufa kwenye ile miezi ya mwanzo, watano kati yao kwa mateso.

Haya, Aprili 2012 mbio zikarudi. Mabango kila kona, kaulimbiu ni taifa moja linasherehekea. Wakati huohuo mtetezi wa haki za binadamu Abdulhadi al-Khawaja yuko kifungoni kwenye mgomo wa kula, na usiku vijijini ni mabomu ya machozi tu. Mafundi wa timu ya Force India wakiwa wanarudi mjini kutoka uwanjani Sakhir wakakuta vurugu barabarani, bomu la petroli likawaangukia karibu, wawili kwenye timu wakaamua kurudi kwao na Ijumaa timu ikaacha mazoezi ya pili ili watu wawahi hotelini kabla ya giza. Jumamosi yake asubuhi mwandamanaji mmoja akakutwa amekufa juu ya paa kijiji cha Shakhura. Na siku hiyohiyo ya kupanga nafasi za kuanzia mbio, dereva Paul di Resta wa Force India aliingia kumi bora lakini kwenye tivii magari yao yalikuwa hayaonekani kabisa, watu wakawa wanaulizana kulikoni. Jumapili dereva Sebastian Vettel akashinda, watu wakashangilia jukwaani.

Sasa niambie, hapo siasa nani aliichanganya? Yule mwandamanaji wa Shakhura au waliobandika yale mabango? Serikali ikilipa mamilioni ya dola ili dunia ione kwake kumetulia, hiyo mbio tayari ni siasa, iko ndani kabisa tangu mkataba unasainiwa. Na waliokataa kwenda mahali hawakuanza jana, 1985 timu za Renault na Ligier zilisusia Kyalami kwa ajili ya ubaguzi wa rangi, na baada ya ile mbio Formula 1 haikukanyaga tena Afrika Kusini mpaka 1992.

Sisemi kila nchi yenye maandamano inyimwe, tukifanya hivyo hata Ufaransa haibaki. Mimi naangalia kitu kimoja: raia wa pale anaweza kusimama akasema hii mbio siitaki, na usiku akalala kwake? Kenya Safari Rally inalalamikiwa kila mwaka, mara gharama mara ulevi wa Naivasha, watu wanaandika wanatukana na maisha yanaendelea. Bahrain kuna mama alikamatwa 2017 kwa alichoandika Facebook, yakiwemo maneno ya kuipinga Formula 1, akafungwa miaka mitatu, akaja kuachiwa kwa msamaha 2019. Mama wa watoto jamani, kwa posti!

Turudi Kigali. Rais Kagame alitangaza nia hiyo Desemba 2024 mbele ya mkutano mkuu wa FIA palepale Kigali, na haikupita hata miezi miwili waasi wa M23 wakaingia Goma, mashariki mwa Kongo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema wanajeshi wa Rwanda wako nyuma yao, Rwanda inakana. Waziri wa mambo ya nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, akawaandikia Formula 1 waache mazungumzo. Kwa hiyo kaka yako hajatoa maneno hewani, na yeye ana ndugu kule. Najua hoteli zingejaa na vijana wangepata kazi, na mimi pia natamani sana kuziona gari hizi kwa macho kwenye ardhi yetu, ila kwa hali hii hapana, na hata vita ikiisha kesho lile swali la raia kusema siitaki bado litahitaji jibu kwanza.

Halafu usidharau nguvu ya madereva. Mwaka 2020 dereva Lewis Hamilton aliandikiwa barua na watu waliosema waliteswa Bahrain, na mtoto wa mfungwa aliyehukumiwa kifo akamchorea gari lake. Alisema hadharani kwamba ilimgusa, na mwaka uliofuata waandishi walipomuuliza kuhusu Bahrain hakukwepa. Wewe kama shabiki waandikie na wewe, kurasa zao wanazisoma, na ukiandika muulize huyo kaka wa Goma angependa uwaambie nini.