Wanafunzi wanataka kujifunzia kwa mume wangu

SWALI: Shikamoo mama. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, ana miaka 58. Miaka miwili iliyopita alipata kiharusi, na tangu hapo neno lake ni moja tu: "jana". Akitaka maji ni jana, akikasirika ni jana. Lakini nikianza kuhesabu anadakia, anafika ishirini bila kukosea. Sasa wanafunzi wa tiba ya usemi wanaomba waje kila Jumanne kufanya naye mazoezi na kumrekodi kwa ajili ya utafiti. Shemeji anasema watamgeuza chombo cha kujifunzia. Isitoshe, watoto wamechanga fedha kusaidia wenye hali kama yake, na shemeji huyohuyo anataka tununue mashine tuipe hospitali. Nishike lipi?
Mke wa Mwalimu

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipoandika kwamba Mwalimu mwenyewe ameulizwa. Sijapaona. Anzia hapo.

Afasia, yaani kupotewa na lugha baada ya ubongo kuumia, imemfungia maneno, haikumfungia akili. Kuhesabu ni mfululizo uliokaririwa tangu utotoni, unatoka kwa mkupuo kama kiitikio cha wimbo. "Maji" lazima alitafute neno lenyewe, na huko ndiko njia ilikoharibika. Basi chukua karatasi mbili, moja andika NDIYO, nyingine HAPANA. Zima redio. Mwambie kwa sentensi fupi, mojamoja: wanafunzi wanataka kuja, watarekodi sauti yako, ukichoka wataondoka. Muulize, "Waje?" Ngoja aguse karatasi. Baadaye geuza swali: "Wasije?" Majibu yakipingana, usilazimishe, rudia kesho. Wanafunzi nao waoneshe kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, waseme nani atazisikiliza hizo rekodi, na wakubali kwamba Mwalimu anaweza kujitoa siku yoyote bila kuulizwa sababu.

Shemeji yako usimcheke, hofu yake ina historia. Mwaka 1861 daktari Paul Broca, katika hospitali ya Bicêtre nchini Ufaransa, alimpokea mgonjwa ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akijibu karibu kila kitu kwa "tan, tan". Mgonjwa akafa baada ya siku chache, ubongo wake ukatolewa na kuchunguzwa, na jeraha likaonekana upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Fani yetu ya kuchunguza lugha na ubongo inahesabu kuzaliwa kwake kutoka hapo. Lakini vizazi vya wanafunzi, mimi nikiwemo, tulimjua kwa jina la "Tan". Alikuwa Louis Victor Leborgne. Wakija Jumanne, wamwite Mwalimu, na wakimzungumzia mbele yake kana kwamba hayupo, watoe nje.

Kwa nini basi nataka waje? Nikiwa mwanafunzi, mgonjwa wangu wa kwanza nilimwonesha picha ya chanuo. Akapeleka mkono kichwani, akachana nywele hewani, midomo ikaanza kutetemeka, nami kwa huruma yangu ya kijinga nikamsemea: "Chanuo!" Akashusha mkono, akatazama dirishani. Msimamizi wangu hakunigombeza, aliigonga tu saa yangu kwa kidole. Picha iliyofuata nikanyamaza na kuhesabu moyoni. Nilipofika kumi na nne mzee akasema, "Ki... kiko... kijiko." Ilikuwa kikombe. Nami nikajifunza mawili kwa mpigo: kusubiri, na kwamba neno lililokosewa linaeleza mengi. Alikuwa kwenye vyombo, alikuwa kwenye ngeli, alikosa mlango mmoja tu. Hilo hakuna kitabu kilichonifundisha.

Kuhusu fedha, mashine hapana. Mashine huhitaji fundi, vipuri na chumba chenye ufunguo, na ufunguo una tabia ya kupotea. Rekodi ya saa moja humchukua mwanafunzi saa nyingi kuiandika, kila kigugumizi na kila kimya. Mlipieni mwanafunzi kazi hiyo, na nauli za wagonjwa wanaokuja kupimwa. Pia kuna kazi ya kutengeneza vipimo vya afasia. Kuna zoezi linalomtaka mgonjwa ataje maneno yanayoanza kwa herufi fulani kwa dakika moja. Mpe Mswahili herufi K, atakumwagia kiti, kisu, kikombe, kitabu, kwa kuwa ngeli inambeba. Huwezi kuzilinganisha alama zake na za Mwingereza. Vipimo vya lugha yetu lazima vijengwe kutoka ndani ya lugha yetu, na waliopimwa wawe wengi, wazima na wagonjwa.

Wala asikwambie mtu kwamba miaka miwili imeshapita, basi tena. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa 2017 ulikuwa na watu 156 wenye afasia, wote wakiwa wamepita miezi sita tangu kiharusi. Waliopata tiba ya saa kumi au zaidi kwa wiki, kwa wiki tatu, waliwasiliana vizuri zaidi. Nusu ya watu hao walikubali kusubiri zamu yao wiki tatu nzima, ili wenzao wapate wa kulinganishwa nao. Ningependa shemeji alijue hilo.

Tena mwalike Jumanne ya kwanza. Mpe kiti pembeni, na umwombe asimsemee kaka yake hata neno moja.