Re: Bangkok mara ya kwanza, nifikie wapi na airport natokaje?

Dada kama safari yenyewe ni ya kufungasha nguo fikia Pratunam tu, mtaa wa masoko ya nguo za jumla, usihangaike na kwingine. Ukishuka Suvarnabhumi, airport kubwa ya Bangkok, kabla hujaenda foleni ya uhamiaji anzia dawati la afya na kadi yako ya njano (ya chanjo ya homa ya manjano), sisi wa Afrika Mashariki hiyo ni lazima, wengi wanapanga foleni weee wakifika dirishani wanarudishwa nyuma wakagongewe muhuri kwanza. Ukimaliza shuka chini kabisa kuna treni ya Airport Rail Link, nauli haizidi baht 45, shukia Ratchaprarop hapo Pratunam unatembea kwa mguu. Teksi zipo ila awashe mita, akianza bei za mdomo achana nae. Tuktuk mi naona ni za kupigia picha tu, na dereva akikwambia Grand Palace (kasri la mfalme wanalotembelea watalii) leo imefungwa ujue anataka kukupeleka duka la vito akale kamisheni yake. Msosi wa halali nenda mtaa wa Nana, Soi 3/1 (soi ni kichochoro), Waarabu wamejaa. Ila katikati ya mwezi wa nne usiende, ni Songkran, mwaka mpya wao wa kumwagiana maji, maduka mengi yanafungwa na utamwagiwa maji barabarani na simu yako mkononi 😂