Andiko zuri, bajeti mbovu

Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 inataka Mfuko wa Taifa wa Utafiti upewe 2% ya pato la taifa kila mwaka. Hazina haijawahi hata kukaribia kiwango hicho. Tanzania nako, fedha za utafiti za serikali zinazopitia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, hugombewa na vyuo vyote. Mhadhiri kijana ataandika maombi mengi ya fedha za utafiti na mengi yatakataliwa. Angalau yasikwamishwe na bajeti.

Usichukue kiwango cha juu kilichotangazwa na mfadhili ukaanza kukigawa. Anza na kazi yenyewe. Mfano, madodoso 400, wadadisi 5, kila mmoja akihoji kaya 5 kwa siku: hizo ni siku 16 uwandani. Ongeza siku 2 za mafunzo, 1 ya kujaribia dodoso na 2 za safari. Siku 21 kwa watu 5 ni posho 105, na dereva bado hujamhesabu. Huyo husahaulika sana, sawa na mwenyekiti wa kijiji atakayewazungusha kwenye kaya.

Chuo nacho hukata asilimia yake ya uendeshaji. Iulize kurugenzi ya utafiti mapema, maana wafadhili wana ukomo wao: NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, kwa miaka mingi imeziruhusu taasisi za nje 8% tu, tena bila kuhesabu mitambo mikubwa. Chuo kikidai 15%, tofauti italipwa na nani? Mara nyingi ni zile posho 105, mkataba ukiwa umeshasainiwa.

Utafiti wa afya unahitaji kibali cha maadili, nacho hulipiwa. Kisha kuna barua ya chuo, ya katibu tawala wa mkoa, ya wilaya, hadi kwa mtendaji wa kata. Zitengee miezi 3.

Vyuo vya umma Tanzania hununua vitendanishi, yaani kemikali za kupimia maabara, kupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi ya kielektroniki. Andika mwenyewe kiwango cha usafi, ujazo na joto la kuhifadhia. Ukimwachia ofisa manunuzi jina tupu la kemikali, italetwa ya bei nafuu isiyofaa kwa kipimo chako.

Kinachosimamisha miradi zaidi ni masurufu, yaani fedha unazopewa kabla ya safari kisha ukazirejesha kwa kuonyesha risiti za matumizi. Usiporejesha ya awali hupewi mengine, hata kama fedha zipo benki. Orodha za posho zisainiwe kila jioni, si siku ya kurudi. Bodaboda na wenye mitumbwi hawana risiti za EFD, mashine ya kodi, hivyo beba fomu zilizochapishwa zenye nafasi ya jina, simu, kiasi, tarehe, safari na saini, na uhakikishe mhasibu amezikubali kabla hamjaondoka.